Makusudi ya Dobi

Dobi huanza na kola. Kabla hajaigusa hulamba kidole, akakipitisha chap kwenye tako la pasi ya mkaa, ikalia chsss, naye hutabasamu kama mtu aliyeitikiwa salamu. Saa nne binti yake humletea chai, na funda la kwanza hulipiga amefumba macho. Hapo hata mteja mwenye haraka zake husubiri. Juzi binti huyo alikuja na daftari la semina ya kujitambua mkononi, amekunja uso. Wiki nzima usingizi ulikuwa umempaa, akijiuliza anaishi kwa ajili ya nini.

"Baba, hivi kusudi la maisha yako ni nini?"

Dobi, ambaye sikio lake hudaka maneno nusunusu, alishtuka, pasi ikabaki hewani. "Makusudi? Mwanangu, mimi? Sijamfanyia mtu kitu makusudi!"

Binti alicheka mpaka chai ikamwagika, kisha kicheko kikamkauka, maana jibu alikuwa bado hajalipata. Akabaki amekaa kwenye benchi, akimtazama baba yake akinyoosha mikono ya shati. Mara mwalimu jirani akaja kuchukua lake, lile lisilo na kifungo cha shingoni, ambalo miaka yote hulisitiri kwa tai. Akalikunjua, akapapasa shingoni, akakuta kifungo.

"Mzee, hiki mbona sikukuagiza?"

Dobi alikuwa keshalamba kidole, yuko kwenye kola nyingine.

"Najua," alisema. "Hicho nimefanya makusudi."