Wabeja Si Ndiyo

Siku yangu ya kwanza kazini Mratibu wa asasi iliyoniajiri alinikuta nimesimama nje ya ofisi, nimevaa viatu virefu vya kuazima, maana nilikuwa nimeambiwa ni kazi ya mambo ya kimataifa. Ofisi yenyewe ilikuwa nyumba ya kupanga hapa Bariadi, nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi. Sebule ndiyo ilikuwa chumba cha mikutano, na jiko ndilo stoo. Akavitazama viatu, akacheka mpaka akashika ukuta. "Mama Limi, kesho tunakwenda Migato na mvua imenyesha. Hivyo utavivua mwenyewe."

Nilivivua, kweli.

Niliajiriwa kwa sababu ya Kisukuma changu. Nimezaliwa Ngulyati, nikawa karani wa chama cha msingi cha pamba, na mkoa wetu wa Simiyu ulipokuwa bado mchanga ndipo asasi ile ilipofungua mlango hapa. Ilikuwa asasi ya uchechemuzi. Mume wangu alilicheka neno hilo hadi akachoka. Uchechemuzi, kwa ninyi vijana mnaoanza sasa, ni kumsukuma mwenye uamuzi abadilishe kanuni zake. Kugawa vyandarua ni kazi nyingine. Na wenye uamuzi tuliowasukuma sisi walikaa mbali sana: ni zile benki kubwa za kimataifa zinazokopesha serikali fedha za barabara, mabwawa na skimu za umwagiliaji.

Mratibu alinichorea kwenye ubao jinsi kura zinavyopigwa huko. Kura hupimwa kwa hisa. Nchi tajiri ina kiti chake peke yake mezani, na nchi zetu za Afrika zinabanana nyingi kwenye kiti kimoja. Nikawaka palepale. "Sasa hii si dharau?"

"Ndiyo, ni dharau," akasema. "Lakini hasira yako iache hapa ofisini. Kijijini unakwenda kusikiliza."

Nilijitahidi. Siku nyingine nilishindwa, na waliofanya kazi na mimi wanajua.

Baadaye nilihamishiwa Dar es Salaam, chini ya Mkurugenzi wetu, mama mkali aliyekuwa akisoma nyaraka huku anakula mihogo. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma taarifa za benki. "Anza na viambatisho," aliniambia. "Huku mbele wameandika ili uipende." Kwake nilijifunza maana ya kinga, yaani masharti ambayo benki imejiwekea yenyewe ili mradi wake usimuumize mtu. Nikajifunza na mashauriano: kabla fedha hazijatoka, wananchi lazima waulizwe, na majibu yao yaandikwe. Nilidhani hapo pamekaa sawa. Kumbe hapo ndipo palipokuwa na tundu.

Nilirudishwa Simiyu nikiwa Mratibu mwenyewe, na jambo la kwanza kunifikia likatoka upande wa Lingeka, kule Meatu. Kulikuwa na skimu ya umwagiliaji inayojengwa kwa mkopo wa benki. Skimu watu waliitaka. Lakini kwenye ramani lambo la kijiji, lile bwawa dogo ambako ng'ombe wote hunywa kiangazi, lilikuwa limewekwa ndani ya uzio. Mama mmoja mjane aliyeitwa Nkwimba alikuwa na nyumba na zizi karibu na lambo hilo. Ng'ombe wake ndio waliokuwa wakisomesha watoto. Alinipeleka akanionyesha vigingi vyekundu, kimoja kimepigwa mita chache tu kutoka zizini. "Mayu," aliniambia, yaani mama, "wakifunga hapa, mimi nauza ng'ombe, na watoto wanarudi nyumbani. Hakuna kingine."

Nikafungua viambatisho. Imeandikwa kwamba wananchi wa kijiji walielezwa habari za uzio, wakashukuru, wakaridhia. Nikamuuliza Nkwimba kama kikao hicho kilikuwapo.

"Kilikuwapo. Tulipiga makofi, tukasema wabeja."

Jamani! Nilitamani kuila ile karatasi. Wabeja ni asante. Mtu akikutembelea, wabeja. Akikueleza jambo zito, wabeja, kwa kuwa amefunga safari kuja kukueleza. Kukubali au kukataa kunakuja baadaye. Yule aliyeandika alisikia asante akaandika ndiyo.

Benki hizi zina chombo cha malalamiko, ambacho mtu aliyeumizwa na mradi anaweza kukifikia moja kwa moja. Masharti yake: mlalamikaji asiwe mmoja, wawe angalau wawili, na wawe wenyeji wa pale. Sisi wa asasi tunaweza kuwasindikiza, kusema tusiseme. Tukisema, itaelezwa kwamba tumewalisha watu maneno, na lalamiko linakufa. Waliojitokeza kuweka majina ni wawili: Nkwimba na mzee Masanja, jirani yake. Ujumbe wa chombo hicho ukapanga kuja. Mitambo ilikuwa imeshaegeshwa ng'ambo ya lambo, inasubiri.

Asubuhi ya kikao mzee Masanja alinifuata nje ya ghala la pamba ambamo watu walikuwa wanakusanyika. Alikuwa amevua kofia. "Mama Limi, jina langu litoe. Kijana wangu anafanya kibarua kwa mkandarasi. Jana ameambiwa wanaopinga maendeleo wanajulikana."

"Baba, ukitoka anabaki mmoja. Lalamiko linaanguka."

"Najua." Wala hakunitazama.

Ningemlazimishaje? Niliingia nikamwambia Nkwimba ukweli wote. Nikamwambia na yeye anaweza kujitoa, hakuna atakayemlaumu. Aliuliza swali moja tu: "Wale wenye mitambo wanasubiri siku ya leo ipite, siyo?" Nikasema ndiyo. Akajifunga kanga vizuri, akaenda kukaa mbele.

Kiongozi wa ujumbe alikuwa mama mfupi wa nchi ya mbali, mwenye nywele nyeupe, na kando yake mkalimani kutoka Mwanza. Meneja wa mradi naye alikuwapo, ameketi meza kuu, anatabasamu. Yule mama alieleza kwa upole kazi yake. Kisha akauliza: je, uzio mliuridhia?

Ghala zima likapiga makofi. "Wabeeeja!"

Mkalimani akatafsiri kwamba wanashukuru sana. Meneja akaitikia kwa kichwa kwa furaha, na yule mama akainama kuandika. Nyie! Mimi niko benchi la nyuma, nimeuma ncha ya kanga, machozi ya hasira yananitoka, na siruhusiwi kufungua mdomo. Neno lilelile, makofi yaleyale, na linaandikwa vilevile mbele ya macho yangu.

Nkwimba akasimama. "Naomba kuuliza. Huyu mama anaandika nini?"

Mkalimani akauliza, akarudi na jibu. "Anaandika kwamba mmeshukuru."

"Aongeze hapo. Tumemshukuru kwa kuwa ametoka mbali na jua hili. Hatujamjibu."

"Mtamjibu lini?" mkalimani akauliza.

"Akishaondoka."

Watu wakaangua kicheko. Meneja akanyanyua mikono. "Mnaona? Hawajui wanachotaka hawa!"

Lakini yule mama hakucheka. Aliweka kalamu chini. "Kwa nini niondoke kwanza?"

"Kwa sababu kwetu mgeni hakataliwi usoni," Nkwimba akasema. "Ukikaa hapa tutakushukuru mpaka jioni."

Yule mama akasimama, akawaamuru watu wake wote watoke. Meneja akagoma. "Mimi si mgeni, mimi ni mwenyeji wa mradi."

Bibi mmoja aliyekaa karibu na mlango akamwambia, "Vizuri, baba. Basi tuambie ng'ombe wako wananywea wapi." Meneja akatoka, uso umemwiva.

Na mimi nikatoka. Kanuni ni kanuni. Tulikaa kwenye kivuli cha magari, sisi na wao. Kutoka ghalani tulisikia sauti zikipanda. Kuna waliotaka uzio, msidhani hawakuwapo, wale wenye mashamba ndani ya skimu na mifugo hawana. Nilisikia mtu anafoka jina la Nkwimba. Niliwaza jinsi atakavyoishi na majirani hao mimi nikisharudi Bariadi kwenye kiti changu.

Mlango ukafunguliwa, akatoka mzee Masanja.

Nilisema moyoni, basi, tumekwisha. Alitembea polepole hadi mbele ya yule mama, akamsalimu, akauliza habari za safari, za watoto, za nchi yake. Mkalimani akavumilia kutafsiri yote. Ndipo akasema: "Nimetumwa. Waliomo humo wamesema hivi. Skimu wanaitaka. Uzio wa lambo, hapana."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwa malezi yetu anayetumwa halaumiwi, maana maneno si yake. Mzee aliyeogopa kuweka jina aliweza kulibeba neno la wote mchana kweupe.

"Wangapi wamesema hapana?" mama akauliza.

"Ingia mwenyewe, uulize nani amesema ndiyo, uwahesabu hao. Ni wepesi kuhesabika."

Akaingia. Lalamiko likapokelewa kwa majina ya watu ambao sikuwahi kuwatarajia, na mitambo ikaambiwa ingoje. Baada ya mivutano mirefu ramani ilichorwa upya, lambo likabaki nje. Kijana wa mzee Masanja, hata hivyo, hakuitwa tena kibaruani. Nilikwenda kumpa pole mzee, akaniambia, "Tumenywesha ng'ombe leo asubuhi, mama."

Mkurugenzi alinichukua tukaenda naye hadi kwenye mikutano ya benki, mji wa baridi kali, korido ndefu, watu wanatembea kama wamechelewa ndege. Tulipewa chumba kidogo pamoja na wenzetu wa nchi nyingine. Ofisa mmoja alituambia kwa adabu kwamba mashauriano yanafanyika kila mahali na kumbukumbu zipo.

Nilisimama. "Kumbukumbu zenu zimeandika salamu zetu," nikamwambia. "Majibu yetu hamjawahi kuyasubiri." Mkurugenzi alinivuta gauni chini ya meza ili nishushe sauti. Sikushusha.

Kumbe wenzetu wa nchi za milimani na visiwani nao walikuwa na maneno yao ya adabu yaliyoandikwa kuwa ndiyo. Tulisukuma pamoja, miaka, barua kwa barua, kikao kwa kikao. Habari ya viti na kura niliyochorewa siku ya kwanza haijabadilika, na inaniuma, nawaachia ninyi. Kanuni ya mashauriano ilibadilishwa. Siku hizi anayeleta mradi lazima aeleze, aondoke, awaache watu wazungumze kwa lugha yao, kisha arudi kufuata jibu.

Nimestaafu sasa, nalima choroko Ngulyati na kugombana na kuku. Vijana huniuliza kama kazi ile ililipa. Huwajibu kwamba mara nyingi nilirudi nyumbani nimeshindwa, na kwamba woga wa watu wale ulikuwa wa kweli, msiende kuwahutubia habari za ujasiri wakati ninyi mnapanda gari na kuondoka.

Msimu uliopita nilikwenda kumsalimu Nkwimba. Tukiwa tumekaa, akaja kijana mmoja mwenye kishikwambi, wa mradi mwingine wa njia ya umeme. Alikuwa ameshakuja, ameeleza, ameondoka. Siku hiyo alirudi kufuata jibu, na kijiji kilikuwa kimemtuma Nkwimba. Akamkaribisha kiti, akampa maji, akamuuliza habari za nyumbani. Kisha akamwambia: "Wamesema hapana kwa nguzo kupita makaburini. Mtafute njia nyingine."

Kijana akaandika, akamsomea alichoandika: wamekataa. Akauliza kama ni sawa. Nkwimba akasema ni sawa. Akaaga, akapanda pikipiki, akaenda zake. Hakubishana, hakutisha mtu.

Mimi machozi yakaanza kunitoka, nikashindwa kuyazuia. Nkwimba akanigeukia, amenishangaa kweli.

"Mayu, sasa unalia nini wewe, na aliyekataliwa ni yeye?"