Niliwapa Washenga Dodoso

Saa nne na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumamosi, ndipo nilipoanza kuliharibu jambo la binti yangu. Kosa ni langu peke yangu. Mke wangu alinionya, nami nikamwambia asiingilie utafiti.

Nina duka la pembejeo hapa Lushoto. Shule niliishia kidato cha nne, mengine nimejisomea, na mwaka huu nilikuwa kwenye saikolojia. Nilijifunza kwamba anayetaka kumjua mtu hukusanya data za aina nne: anayosema mwenyewe, wanayosema wanaomfahamu, anayoonekana akifanya, na anavyofanya akipewa jaribio. Kila aina ina udhaifu wake, kwa hiyo usitegemee moja.

Laiti ningeishia kusoma!

Kijana mmoja wa Soni, mfanyabiashara wa mboga, akaleta posa. Walikuja watatu: baba yake mdogo, shangazi yake, na mzee mmoja wa kanisa. Tukaulizana habari za nyumbani, za mashamba, za mvua. Chai ikamiminwa. Baba mdogo akaanza kumsifu kijana, nami nikawaza: hii ni aina ya pili, na mshenga kazi yake ni kusifu. Haiaminiki.

Basi nikawaeleza aina zote nne, nikawagawia dodoso na kalamu mpya.

"Hii ni nini tena?" baba mdogo akauliza.

"Mpe alama za uvumilivu, moja hadi tano."

"Mzee wangu, sisi tumekuja kuposa. Habari za mtihani hatukuambiwa."

Mzee wa kanisa alicheka, akaanza kujaza kweli. Ningenyamaza hapo, yangeisha kwa mzaha. Sikunyamaza, jamani! Nilikuwa na aina ya tatu mfukoni. Wiki iliyotangulia nilijibanza sokoni Soni, nyuma ya magunia ya karoti, nikimtazama kijana. Nikawasomea:

"Alimpa mwanamke mmoja kabichi tatu, hakupokea hela. Mwanamke alikuwa amenipa mgongo. Walicheka sana, wakashikana mikono. Hitimisho: huenda kijana ana mtu mwingine."

Shangazi akaweka kikombe chini.

"Huyo mwanamke alivaa kitenge gani?"

"Cha kijani, chenye ndege."

Akasimama, akageuka taratibu, akanionyesha mgongo. Kijani. Ndege wamejaa tele.

"Huyo mtu mwingine ni mimi, baba. Nimemlea tangu hajaota meno. Endelea kusoma."

Ole wangu! Waliondoka, chai ikabaki mezani.

Binti yangu alikuwa amesikia yote kutoka jikoni. Aliokota zile karatasi, akazipanga vizuri, akaniuliza: "Baba, huyu mimi namfahamu miaka minne. Swali langu ni namba ngapi?"

Halikuwepo. Nilikuwa nimemhoji mpaka fundi viatu aliye jirani na kwao kijana, lakini binti yangu mwenyewe sikumuuliza neno. Siku tatu akawa ananipa shikamoo na chakula, basi. Nani angehitaji kitabu kuisoma hiyo?

Jumanne nilimwomba yule mzee wa kanisa anipeleke Soni kuomba radhi. Shangazi alinipokea, akanikalisha, akamwambia mzee jambo kwa Kishambaa. Wakacheka mpaka wakafuta machozi. Sitalitafsiri hapa.

"Haya," akasema. "Moja hadi tano. Umejuta kiasi gani?"

"Tano, mama."

"Hiyo ni aina ya kwanza, unayosema mwenyewe. Sisi tunataka kukuona ukifanya."

Wakanipiga faini. Nikalipa kesho yake, na nilipofika nyumbani nikamuuliza binti yangu kama anamtaka yule kijana. Alizungumza mpaka ugali ukapoa. Nilisikiliza bila kalamu. Posa nimeipokea.

Wenzangu wenye mabinti, kabla hamjajibanza nyuma ya magunia, muulizeni mwenye jambo lake, kisha mfunge midomo! Mimi ndiye baba wa binti niliyelipa faini kwa waliokuja kuposa: mbuzi mmoja na kitenge kipya, jumla shilingi laki moja na elfu sabini.