Nyumba Iliyopimwa Nikiwa Eda

Mume wangu alipokufa nilikaa eda katika nyumba waliyoachiwa na baba yao, yeye na mdogo wake, upande wa Kariakoo unaoelekea Mchafukoge. Ilikuwa nyumba yetu ya Kiswahili, si kasri. Mbele baraza, katikati ukumbi mrefu, vyumba huku na huku, uani jiko na choo. Kuta za udongo zimepakwa chokaa, boriti za mikoko kutoka Rufiji, mlango wa mninga. Kuta hazikufika kwenye bati. Pale juu paliachwa uwazi, upepo unapita, na hata wakati wa kaskazi unalala mchana bila kujipepea.

Kuna wanaosema eda ni mapumziko. Waongo hao. Mjane hatoki, hajipambi, haonekani na wanaume wasio maharimu zake. Bibi yangu aliyenifunda aliongeza na lake: hata sauti yako isisikike na wanaume wa nje. Mambo mengi ya bibi niliyaacha njiani. Hilo nililishika.

Ulikuwa wakati wa ruksa. Maduka yaliyokuwa matupu yakajaa, makontena yakatoka bandarini na vitambaa na redio, na nyumba za mtaani kwetu zikaanza kuanguka. Leo unawaona wazee wamekaa barazani wanacheza bao, kesho ni shimo, ukigeuka tena nondo zimesimama. Nilijua zamu yetu itafika. Sikujua itafika kwa adabu.

Asubuhi moja nikasikia ukumbini ko, ko, ko. Mtu anagonga boriti. Halafu mkanda wa kupimia ukajirudisha ndani ya kasha lake, srrr, kama nyoka anaingia shimoni. Kwetu mtu hupimwa anaposhonewa nguo na anapochimbiwa kaburi, na nyumba ile haikuwa ikishonewa nguo.

Binti yangu, aliyekuwa akinihudumia, akachungulia kwenye pazia.

"Mama, ni baba mdogo. Yuko na watu wawili. Mmoja kijana wa miwani, anachora."

Kijana akasogea hadi karibu na mlango wa chumba changu. "Shikamoo mama. Pole na msiba."

"Mama anasema marahaba," binti yangu akaitikia kwa niaba yangu.

Akajieleza. Ni msanifu wa majengo. Amepewa kazi ya kujenga nyumba ya langoni katika hifadhi ya wanyama, mahali pa kuwapokea wageni na kuwapumzisha kabla hawajaingia porini. Hakutaka kujaza saruji wala mashine za baridi. Alitaka nyumba inayojipoza yenyewe, kama hii yetu.

"Na sitaki kukata mikoko mipya, mama. Inaisha kule pwani. Hizi boriti zenu zimekauka, moshi wa jikoni umezikomaza, dumuzi hawazitaki. Zitaishi tena."

Alisema vizuri. Mpaka leo sina ugomvi na neno lake hata moja.

Aliyefuata kusema ni shemeji yangu. "Shemeji! Mgeni anazitaka boriti na mlango. Huyu mwenzake ni tajiri wa magorofa, anakitaka kiwanja. Una fungu lako humu, na mwanao ana lake, ndiyo maana nakuuliza mbele za watu. Unaridhia?"

Binti yangu akanivuta kanga. "Mama, sema hapana!"

Sikusema. Akapaza yeye: "Mama hataki!"

"Nyamaza wewe! Nimemuuliza mkubwa." Kisha shemeji akaanza mzaha wake. "Shemeji, mbona kimya hivyo, kama mwari anayeposwa?"

Tajiri akacheka. Mimi nikafumbua mdomo. Pumzi ikaja mpaka kwenye meno, ikarudi. Niliwaona moyoni wanawake wa mtaa wakisemezana bombani: mumewe hajakauka udongo, yeye anapigizana kelele na wanaume ukumbini. Nikaufunga mdomo.

"Basi mmesikia," shemeji akasema. "Kimya cha mwari ni ridhaa."

"Mzee, si tungengoja mama atoke eda?" kijana akauliza.

"Kuvunja tutangoja. Kukubali kumeshakubaliwa."

Tangu siku hiyo nyumba ikaanza kutuhama. Wapangaji waliondoka chumba kwa chumba. Mama wa vitumbua aliyekuwa akikaanga barazani alinipa mkono wa buriani chini ya pazia, akaenda zake Buguruni. Vyumba vikabaki wazi na upepo ule tuliousifu ukapiga mbinja humo, ukagongesha madirisha ambayo hayakuwa na mtu wa kuyafunga. Uani wakaja mafundi wakafungua banda la jiko. Nilisikia misumari ikilia inapong'olewa. Binti yangu akapikia ukumbini.

Na chaki. Kila boriti waliyoichagua waliitia msalaba mweupe. Binti alikuwa akiniletea habari: imefika chumba cha mbele, imefika cha jirani. "Chumba cha mjane cha mwisho," niliwasikia wakisema, kwa heshima kabisa. Mchana mmoja nimelala chali, nikaona pale juu, kwenye uwazi baina ya ukuta na bati, mkono unaingia. Mkono tu, bila mtu. Ukapapasa boriti iliyokuwa juu ya kitanda changu, ile yenye msumari wa kutundikia chandarua, ukachora msalaba, ukaondoka. Nilibaki nimeutazama msalaba ule hadi adhana ya alasiri.

Eda ilipokwisha nikaogeshwa, nikafukizwa udi, nikavishwa kanga mpya. Sikungoja wageni walishwe pilau. Nilikwenda moja kwa moja kwa mzee wa mtaa nikasema, kwa sauti, mlango wazi: "Sikuridhia."

Shemeji aliitwa, akaja na tajiri wake. Mzee akauliza kama niliulizwa. Wakasema niliulizwa. Akauliza nilijibu nini. Wakanitazama.

"Ulimi ulikuwa wapi, shemeji?" akasema mdogo wa mume wangu, tena kwa upole.

Mzee akatikisa kichwa. "Ungesema, mama. Hata neno moja."

Walianza na mlango.

Baadaye sana, nikiwa nimeshahamia kwa binti yangu, alinipeleka hifadhini. Nilikataa mara nyingi, siku hiyo sijui nini kilinivuta. Tukaiona nyumba imesimama peke yake, nyuma yake pori. Baraza, ukumbi, uwazi juu ya ukuta. Imejengwa vizuri, siwezi kusema uongo. Msichana mwenye sare alikuwa akiwaeleza wageni: "Hapa hakukatwa mti hata mmoja. Hakuna kilichoumizwa." Wageni wakapiga makofi.

Nikainua macho nikaukuta msumari wa chandarua.

Nilirudi nje, nikasimama mbele ya mlango wetu wa mninga, nikabisha hodi. Kwa sauti yangu yote. Wageni wakageuka. Binti yangu akainamisha kichwa.

"Pita tu, bibi," msichana akasema akitabasamu. "Hapa hakubishwi hodi."

Sikupita. Nyumba isiyobishwa hodi haina mwenyewe. Nikakaa juani, mgongo nimeupa mlango, mpaka binti yangu na wageni wale walipomaliza kutazama.