Tufani ya Redio na Mabati Yangu

Niliezua paa la nyumba yangu mwenyewe, kwa nyundo yangu mwenyewe, jua likiwaka, ili upepo usije ukaliezua. Nalisema mapema kabla sijapata nafasi ya kujitetea. Watu wa Isiolo waliokuwepo miaka ile ya vita vya shifta, waasi wa kaskazini, wakinikuta hata leo hawaniulizi kwanza habari za watoto. Wananitazama juu ya kichwa, kama wanaotaka kujua siku hizi nimejifunika nini.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kafyu ilipowekwa, kila mtu awe ndani saa kumi na mbili jioni, mji mzima ulinung'unika. Mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshaingia tangu saa kumi na moja kwa hiari yangu. Nilikuwa karani, nimesoma mpaka kidato cha nne huko Meru, kazi ndiyo iliyonileta Isiolo. Nilikuwa na mke, mtoto mchanga, na nyumba ya udongo ya vyumba viwili iliyoezekwa mabati. Mabati yale yalikuwa cheo changu. Majirani wengi walikuwa na nyasi au madebe yaliyopigwa nyundo yakawa bapa, na mimi nilikuwa na tabia ya kusimama nje asubuhi nikiyatazama, kikombe cha chai mkononi, kana kwamba nimeyazaa.

Mama mkwe wangu hakuipenda Isiolo. Lori moja likikanyaga bomu barabara ya kaskazini, habari ilimfikia kule Meru ikiwa imeshazaa, lori limekuwa matatu na moja lina harusi ndani. Basi akatuma neno kwa dereva wa lori la viazi. Atakuja Jumamosi ajionee mwenyewe. Akikuta nyumba ambayo mtoto anaweza kulala, sawa. Asipoikuta, atarudi na binti yake na mjukuu wake, na watakaa kwake hadi vita viishe. Na vita wakati huo havikuwa na dalili ya kuisha. Nikawaza kula peke yangu, kulala peke yangu, kutazama mabati peke yangu, nikaona roho inataka kutoka.

Wiki hiyohiyo redio ikatangaza tufani.

Niliisikia kwenye hoteli ya Msomali mmoja karibu na soko, mahali palipokuwa na redio yenye sauti ya kutosha mtaa mzima. Msomaji wa habari alisema kuna tufani kubwa baharini, inaelekea pwani, na huenda upepo mkali na mvua vikaingia bara hadi kwetu mwisho wa wiki. Kesho yake Land Rover ya serikali ikapita na kipaza sauti, ileile iliyozoea kututangazia kafyu: wananchi waangalie mifugo yao, wasikae karibu na mto, waangalie paa zao.

Paa zao! Nilihisi nimetajwa kwa jina.

Hotelini watu walikuwa wamegawanyika. Mwenye hoteli alipangusa meza na kucheka. "Walahi, hiyo redio mwezi jana ilisema shifta wamekwisha wote. Saa hii nafunga duka saa kumi na moja na nusu. Nani amekwisha?"

"Hii si siasa," nikasema. "Hii ni hali ya hewa. Kuna vyombo vya kupimia."

"Karani, chombo ni yao, mdomo ni yao. Wanatia chumvi ndio wewe uogope, ukae ndani."

"Yeye hahitaji kuambiwa akae ndani," mtu akasema nyuma, na hoteli nzima ikacheka.

Kulikuwa na mzee wa Kiborana ameketi karibu na mlango, fimbo katikati ya magoti. Ng'ombe wake walikuwa wamezuiwa pamoja na wengine wengi karibu na mji, kwa sababu ya vita, na nyasi za hapo zilikuwa zimekwisha mpaka mizizi. Alisikiliza habari yote kwa makini sana, kisha akauliza, "Hiyo mvua, wanasema ni mbaya?"

"Mbaya sana, mzee," nikamjibu. "Inaweza kuangusha nyumba."

"Na itafika huku kweli?"

"Ndivyo wanavyosema."

Akainua mikono. "Inshallah isiwe wameongeza. Inshallah iwe mbaya vile wamesema."

Nilimtazama nikidhani Kiswahili ndicho kimemshinda. Kumbe wote pale waliitikia "Amin", hata mwenye hoteli. Mimi ni mtu wa mlimani. Kwetu mvua ni mgeni wa kila siku, tunamwogopa akija na hasira. Wao walikuwa hawajamwona muda mrefu, na mtu uliyemkosa hivyo humuulizi anakuja na hasira gani. Mji mzima ulikuwa ukibishana kama redio inatia chumvi, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa naomba iwe imetia.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mama wa Kiturkana aliyeuza makaa. Mdomo wake haukuwa na mlango. Baba mkwe wake, mzee mfupi mwenye kofia ya kanisani, alikuwa bado akirusha ndala zake za ngozi kutazama mambo, jinsi wazee wao wanavyofanya: anazitupa juu, zikianguka anasoma zilivyolala. Alizitupa mbele yetu siku ya Alhamisi, akasema tufani inakuja. Mtoto akalia, mzee akakasirika kwamba amevurugwa, akazitupa tena, akasema haiji.

"Sasa tushike ipi?" mke wangu akauliza.

"Ni kama redio," yule mama akasema. "Unashika ile unapenda."

Mimi nilishika jiografia. Nilikumbuka darasani tulifundishwa kwamba upepo mkali haulisukumi paa kutoka juu. Huingia chini yake ukaliinua. Nikafikiri Alhamisi yote kazini. Ijumaa mchana hesabu ikajipa: pasipokuwa na paa, upepo utainua nini? Nitayatoa mabati, niyalaze chini, niyapakie mawe, tufani ipite, na Jumamosi asubuhi niyarudishe kabla lori la viazi halijafika. Usiku mmoja tutajifunika turubai. Niliiona akili hiyo imenyooka kama rula.

"Unatoa paa ili lisitoke?" mke wangu akasema. Alikuwa amesimama na mtoto mgongoni, ananitazama juu ya kenchi.

"Nalihifadhi."

"Mama anakuja kesho."

"Ndiyo maana nalihifadhi."

Aliingia ndani akaanza kufunika unga.

Kufikia saa kumi na moja nyumba ilikuwa na mifupa tu. Tukala tukiangalia mbingu. Tufani haikuja. Hakuna hata jani lililotikisika. Nilitaka kuyarudisha mabati papo hapo, lakini kafyu ilikuwa imeingia, na mjini kwetu miaka ile hakuna mwenye akili aliyegonga msumari baada ya giza. Ungeugonga mara tatu tu, askari wangekuja kuuliza ni bunduki ya aina gani. Tukalala chini ya turubai. Kwa upande wa ukuta wa pili nilisikia yule mama akimweleza mumewe, bila kushusha sauti, kwamba karani amefungua nyumba kama mkebe wa samaki.

Asubuhi nikaanza kazi. Na hapo ndipo nilipojua kwamba kung'oa ni kitu kimoja na kupiga ni kingine. Misumari niliyoing'oa ilikuwa imepinda yote. Nikaketi kuinyoosha mmoja mmoja juu ya jiwe, nikijigonga kidole kila baada ya mitatu. Jua lilipofika utosini nilikuwa nimeshapiga mabati manne upande mmoja, na upande wa pili ulikuwa wazi. Nilikuwa juu ya kenchi, kifua wazi, kaptula ya zamani, niliposikia lori likisimama.

Lazima nieleze. Kwetu mtu na mama mkwe wake huheshimiana hata macho hayakutani. Husemi naye maneno mengi, hukai naye karibu. Sasa hakuna kitabu cha mila kilichowahi kuwaza mkwe atakayemkaribisha mama mkwe akiwa amepanda juu ya kichwa chake na kaptula.

Alisimama kwenye mlango, kikapu mkononi, akatazama ndani, akaona anga. Hakuniambia kitu. Alimwambia binti yake, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwambie bwana yako ashuke. Kisha funga nguo za mtoto. Lori linarudi likishusha viazi."

Nikashuka. Kumweleza yeye mwenyewe mila haikuniruhusu. Mke wangu alimtazama mama, akanitazama mimi, akaanza kukunja nepi polepole sana, kama mtu anayetaka nepi ziwe nyingi zaidi.

Ndipo upepo ulipokuja. Sitautia chumvi. Ulichukua turubai letu likavuka ua la jirani na hatukuliona tena, ukanyamaza. Halafu nikasikia harufu ya vumbi lililolowa, halafu tone moja kwenye bati, halafu mengine, halafu haikuwa matone tena. Nje mtu alipiga kelele "Roba! Roba!", yaani mvua kwa Kiborana, na mtaa wote ukaitikia. Watoto walikimbia uchi. Wazee walisimama katikati ya barabara wakiwa wameinua nyuso, midomo wazi.

Na katika nyumba yangu mama mkwe alikuwa ameketi juu ya kigoda, mjukuu wake kifuani, upande wenye mabati manne ambayo matundu ya misumari yake yalishaanza kuvuja. Nikakimbilia nje nikachukua bati moja, nikarudi nikalishika juu ya kichwa chake. Bati ni refu kwa mtu mmoja, likawa linamwaga maji yote shingoni mwangu.

Yule mama wa makaa akaingia bila hodi, akashika upande wa pili. "Inua, karani! Inua! Wewe hata bati unashika kama kalamu!" Akamwita mumewe. Mumewe akaja na bati lingine. Mwenye hoteli, aliyekuwa anakimbilia nyumbani kwake, aliona watu wakiingia na mabati, akaingia naye akicheka mpaka anakohoa. Mzee wa Kiborana hakuhitaji kujikinga na kitu, alikuwa ameshalowa na kufurahi, lakini alipita, akaona, akashika pembe moja. Tukasimama hivyo katika chumba changu, mikono juu, tumekuwa paa. Mvua ikapiga juu yetu kama ngoma. Katikati, mahali pakavu padogo, mtoto alilala.

Mama mkwe aliinua uso akatuzunguka wote kwa macho, mmoja baada ya mmoja, hata mimi, kinyume cha mila.

"Hawa ni nani?" akamuuliza binti yake.

"Ni majirani, mama."

"Na hawa ndio wale tunaambiwa wanauana?"

Dereva wa lori alipiga honi barabarani, akapiga tena, kisha akaenda zake kabla mto haujajaa.

Redio ilisema jioni kwamba tufani iligeuka ikarudi baharini. Hotelini walibishana juu ya hilo kwa majuma. Wengine walishikilia kwamba ile mvua ilikuwa mkia wake, wengine kwamba ilikuwa mvua yetu wenyewe iliyochelewa tu, na serikali inataka kujisifu nayo. Mzee wa Kiborana hakubishana. Alikuwa akitazama nyasi.

Jumapili wanaume waliniwekea paa, mimi nikikabidhiwa kazi ya kuwapa misumari. Jumatatu mama mkwe alipanda lori la viazi, yeye na kikapu chake tu. Kule Meru walipomuuliza kwa nini hakurudi na binti, aliwapa maneno ambayo yule mama wa makaa alimwambia mbele yangu, siku ile ya mvua, mikono yake bado ikiwa juu kwenye bati, nami nayaandika vile yalivyosemwa: "Mama, wewe ukienda na huyu msichana na mtoto, huyu mwanaume atabaki na sisi. Na sisi peke yetu hatumwezi."