Rangi za Kichanga Kwenye Asali Yetu

Nasema mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana huku kwetu Uyui wapo wanaoisimulia kwa kuongeza chumvi, na chumvi haihitajiki: mimi mzee mzima, mwenyekiti wa kikundi cha wafuga nyuki, mwimba besi wa kwaya ya Kimoraviani, nimewahi kuliza kina mama foleni nzima mbele ya watu, na chanzo chake ni rangi. Rangi tu, ndugu zangu.

Kikundi chetu kiko kijijini, si mbali na Isikizya, na asali yetu ni ile ya miombo, nzito, inayodondoka kama inafikiria kwanza (nikianza kuisifia sikomi, mnivumilie). Basi tukasikia kwamba kwenye maonesho ya wakulima pale Tabora mjini atapita mnunuzi wa mahoteli, achague kikundi kimoja tu cha kumpelekea asali mwaka mzima. Sisi tulikuwa tumechoka na walanguzi wa ndoo wanaotupangia bei. Kikao kikakaa, kikaamua tuchapishe fulana, kofia, bango na lebo za chupa, rangi njano na nyeusi kama nyuki mwenyewe, na mwenyekiti ndiye aende mjini.

Nikaenda. Kijana wa duka la kuchapa akanikalisha mbele ya feni, akaniletea soda baridi, akanigeuzia kompyuta nione.

"Mzee wangu, njano na nyeusi ni kelele," akasema. "Siku hizi bidhaa ya hadhi inavaa rangi zilizopoa. Zinaitwa pasteli. Mteja akiziona moyo unatulia."

Akanionyesha pinki ya mbali kama ufizi wa mtoto, bluu kama maji ya kusuuzia shuka nyeupe, yaani rangi ambazo ukipepesa macho unadhani zimeondoka. Nami kweli moyo ukatulia, sijui ni rangi, sijui ni feni. Simu ilikuwa mfukoni, ningeweza kumpigia Mama Kalunde, mweka hazina wetu, lakini nikaona kijana atanidharau, mwenyekiti gani huyu anaomba ruhusa. Nikasema, "Weka hizo." Naye akasema, "Mzee, una jicho." Neno hilo ndilo lililonimaliza. (Babu yake baba alibeba mizigo ya watu kwa miguu kutoka hapa hadi pwani, akarudi na kaniki moja, na hakuna aliyewahi kumwambia ana jicho.)

Nikawafungulia wenzangu fulana. Mama Kalunde akaishika moja mabegani, akaigeuza huku na huku, akasema, "Mwenyekiti, hizi zimechuja kabla ya kufuliwa." Lakini maonesho yalikuwa kesho yake, tukavaa.

Banda lilipendeza, siwezi kusema uongo. Bango la pinki na bluu, vitambaa vya meza vivyo hivyo, sisi fulana za pinki na kofia za bluu, na katikati, kwenye boriti ya hema, nimetundika mizani yetu ya kupimia ndoo, ile yenye uso kama wa saa na ndoano chini. Aliyewahi kulea anajua tayari ninaelekea wapi, maana mizani ya namna hiyo ndiyo wanayopimia watoto kliniki. Mimi sikujua? Nilijua. Ila akili yote ilikuwa kwa mnunuzi.

Akaja mama mmoja kijana, mtoto mgongoni, akatazama zile rangi, akatazama mizani, akapiga goti kidogo. "Shikamoo daktari."

Sasa nyie mniambie. Shikamoo haiachwi hewani. Nikaitika, "Marahaba mwanangu," nikiwa na nia ya kumalizia kwamba mimi si daktari, lakini marahaba ilikwisha kutoka, naye alikwisha kufungua kanga, katoa kwenye mkoba ile suruali ya kitambaa ya kupimia, kamvika mtoto, kamtundika. Mtoto ananing'inia kwenye ndoano yangu, ananitazama. Nifanyeje? Nikasoma.

"Kilo sita na robo."

Uso ukamshuka. "Sita? Mwezi uliopita alikuwa saba na kitu. Daktari, mwanangu amepungua?"

"Kidogo," nikasema kwa upole (upole huu umeniponza maisha yangu yote). "Mnyonyeshe."

Nilipoinua macho nyuma yake wamesimama wengine, maana foleni huzaa foleni, mtu anapanga mstari kwanza ndipo anauliza wa nini. Shikamoo daktari, marahaba. Wa pili amepungua. Wa tatu amepungua. Mama mmoja aliyetoka Ulyankulu kuuza maharage akasema, "Hata huyu? Huyu anayekula mpaka namnyang'anya kijiko?" akaanza kulia polepole, wa nyuma yake akasema ni unga wa siku hizi, mwingine akasema ni maji ya kisima, na kilio kikawa kinarudi nyuma ya mstari kama kwaya inavyopokezana sauti.

Ndipo Mama Kalunde akarudi kutoka kutafuta chai. "Mzee Mihayo, unafanya nini?"

"Napima."

Akaitazama mizani, akaniinamia sikioni. "Mshale si uliurudisha nyuma asubuhi, kutoa uzito wa ndoo tupu?"

Niliurudisha. Kwa mkono wangu huu. Kila mtoto pale nilikuwa nimemkata uzito wa ndoo.

Nesi wa banda la afya, lile la kweli, alikwisha kufika, amevutwa na kilio, na kando yake, kijiko cha kuonjea mkononi, amesimama mnunuzi wa mahoteli.

"Shikamoo mzee," nesi akasema. "Wewe ni mhudumu wa kituo gani?"

"Mimi ni wa nyuki, mwanangu."

Hakucheka. Afadhali angecheka. "Basi utawaambia wewe mwenyewe. Mmoja mmoja."

Nikaipita foleni nzima, kofia mkononi, nikimweleza kila mama kwamba mimi si daktari na mtoto hajapungua, ni ndoo. Mmoja akasema, "Babu, ungeniua." Yule wa kwanza alimbeba mwanawe akaenda kwa nesi, nami nikamfuata kwa mbali mpaka nikaona anaonyeshwa uzito na mabega yake yanashuka. Hapo ndipo niliporudi.

Mnunuzi alikuwa ameshaonja. "Mzee, tangu asubuhi sijaonja asali kama hii," akasema, akiigeuza chupa. "Lakini nikiiweka mezani hotelini, mgeni ataniuliza mtoto yuko wapi."

Nikamwambia lebo tutabadilisha. Akasema kwa upole kwamba anahitaji chupa zilizo tayari, akaenda kwa jirani zetu, kikundi cha kutoka Kaliua, fulana njano na nyeusi, wanametameta kama mavu. Sisi tukarudi nyumbani tukaimimina asali kwenye ndoo, tukawauzia walanguzi kwa bei yao, na hakuna aliyenigombeza. Hicho ndicho kiliniuma zaidi.

Sisemi rangi zilizopoa ni mbaya, kwenye sabuni zinapendeza sana. Nasema aliyetumwa na wengi alete alichotumwa. Nimeapa hivyo mbele ya kikao, wakanipigia makofi, halafu safari ya kuchapisha lebo mpya wakanipa wasindikizaji wawili, mmoja kila upande, kama mahabusu. Kijana wa duka akanichangamkia, akaniuliza safari hii napenda rangi gani. Nikatazama feni, wakajibu wao.