Kompyuta Ilipokataa Jina Langu

Siku hizi nikipita karibu na ofisi ya Hajji Salimu, mfanyabiashara wa mbao hapa Makambako, nazungukia upande wa reli. Hajji alinunua kompyuta, nikamdanganya nina cheti cha kidato cha nne, akaniajiri nimwandikie programu ya kukokotoa bei.

Mstari wa mwisho niliuweka kwa sifa zangu: uoneshe jina langu kwenye kioo. Kila nilipoiagiza mashine ikague programu, ilijibu: kosa, mstari wa mwisho. Nikaliandika jina upya, nikaongeza “fundi” mbele yake. Ikakataa. Jasho likanitoka katika baridi ya Makambako.

Hajji akaingia. “Sanga, vipi?”

“Nisamehe, Hajji. Mashine imenigundua. Sina cheti, niliishia darasa la tano.”

Nilipoinamisha macho kwa aibu, nikaona mabano niliyoyafungua juu kabisa bila kuyafunga. Mashine ilitafuta yanapofungwa hadi mstari wa mwisho, ndipo ikalalamika. Nikayafunga, jina likang’aa.

“Yalikuwa mabano tu, Hajji!”

“Kwa hiyo mashine haikujua habari za shule?”

“Haikujua!”

“Basi sasa najua mimi.”