Siku Nilipomwacha Moraa Mlangoni

Naikumbuka Sabato moja, mwanangu, na naikumbuka kuanzia kwa koti. Lilikuwa koti la kuazima, la mwalimu wetu wa kwaya, na mikono yake iliishia karibu na kiwiko changu kwa maana mwalimu alikuwa mtu mfupi. Nililivaa kwa sababu dada yangu Moraa alikuwa anaolewa Suneka. Baba yetu alikuwa ameshakufa, mama alikuwa mgonjwa hawezi safari, na katika watoto wao mvulana nilikuwa mimi pekee. Mtu wa kumshika Moraa mkono na kumwingiza kanisani nilikuwa mimi, hakuna mwingine.

Ujue mapema kwamba shule niliiacha darasa la nne. Kusoma nilikosoma ni kwa Biblia na kwa nota za do-re-mi ambazo mwalimu wa kwaya alizichora ubaoni kwa chaki. Kwa hiyo ukiona maneno yangu yanazunguka kama ng'ombe aliyefungwa kwa kigingi, vumilia. Atafika kwenye majani.

Sisi watu wa Gesima, upande wetu, ni Wasabato tangu babu. Ijumaa jua likikaribia kuzama, moto wa kupikia umeshafanya kazi yake, kikapu cha chai kimetundikwa, na ukipita njiani unasikia nyimbo kila nyumba. Mimi niliimba besi. Sijisifu, lakini kulikuwa na kijana mmoja tu wa kushuka chini kama mimi, na huyo alihamia Nairobi. Tuliimba bila chombo chochote, koo tupu. Tulifundishwa kwamba ngoma ni ya pombe na ya matambiko, na mtu akiipiga kanisani amemwalika shetani aketi benchi la mbele. Nililiamini hilo kabisa. Nililiamini kuliko hata walionifundisha.

Sasa Moraa akapendwa na Mkatoliki. Kijana mzuri, mkulima wa ndizi, hana kelele. Lakini kanisa lao lilikuwa na ngoma tatu na kayamba, na harusi yenyewe ikapangwa Jumamosi, kwa sababu padre alikuwa na siku hiyo tu. Nilinuna mwezi mzima. Moraa akaniuliza kama nitakuja, nikasema nitakuja. Hakuniuliza mara ya pili. Alikuwa mtu wa kuamini neno la mtu.

Hapa lazima nikueleze jambo ambalo vijana wa leo hamlijui vizuri. Kwetu zamani, ng'ombe wa mahari ya dada ndio waliomwoza kaka yake. Msichana akiolewa, ng'ombe wake wanaingia zizini kwenu, wanapumzika kidogo, kisha kaka anawachukua na kwenda kutafuta mke nao. Ndiyo maana kaka hakumpandishia dada huyo sauti. Nyumba yake yeye ilisimama juu ya mgongo wa huyo dada. Ng'ombe wa Moraa walifika kutoka Suneka mapema, kabla ya harusi, na wakati ninaokusimulia walikuwa tayari wanalamba chumvi kwa wakwe zangu. Mke wangu alikuwa ameshaanza kunipikia. Wale ng'ombe niliwapokea kwa mikono miwili, na nikawapiga piga mgongoni.

Na kitambaa cha gauni, nisisahau, tulikwenda kukinunua Kisii mjini, mimi na Moraa, kwa duka la Mhindi mmoja mzee. Juu ya rafu alikuwa na picha ya mungu wake, taa ndogo inawaka, na ubani unanukia mpaka nguo zangu zikanukia. Alituchagulia kitambaa kizuri na akamwambia Moraa, "Mama, hii haitakunja." Nilikaa pale nikanywa soda yake, na dini yangu haikuniwasha hata kidogo. Nimelifikiria sana jambo hilo tangu uzee uanze. Nyani haoni kundule, walisema wahenga, na wakati ule nyani alikuwa mimi, amevaa koti fupi.

Basi siku ikafika. Nilifika Suneka kabla ya saa nne. Kanisa lilikuwa na uzio wa miti ya saiprasi, na getini nikasikia zile ngoma. Mwanangu, nilisimama. Miguu ilikataa, au niseme mimi ndiye niliyeikataza. Nikajiambia kwamba huu ndio mtihani wangu, kama wale vijana watatu mbele ya tanuru la moto. Hivyo ndivyo nilivyojiona. Hakuna mtu aliyekuwa anataka kunichoma, walitaka kunipa pilau.

Watu wakamwendea Moraa wakamwambia kaka yako yuko getini hataki kuingia. Akaja mwenyewe, ameinua gauni kwa mkono mmoja lisiguse matope, maana mvua ilinyesha jana yake. Hakulia. Alisimama mbele yangu akasema kwa sauti ya chini, watu wasisikie, "Kaka, sikuombi uimbe. Nishike mkono mpaka mlangoni tu. Ukifika mlangoni, rudi."

Nikamjibu, "Sitakanyaga penye ngoma siku ya Bwana."

Akaniangalia. Kisha akageuka, akaenda. Kutoka geti mpaka mlango wa kanisa si mbali, labda urefu wa mistari ya chai minne, lakini nilimwona akiutembea peke yake, na wakwe wote wamesimama pande mbili wakitazama msichana ambaye kwao hakuna mtu. Ndivyo lazima walivyofikiri. Vigelegele vilikuwa vimeanza, vikapungua, vikaisha. Ngoma ndizo zilizoendelea.

Nami nikabaki pale. Haya nitakayosema sasa sikuyasema kwa miaka mingi. Zile ngoma zilikuwa tamu. Sijui mpigaji alikuwa nani, lakini ile kubwa ilikuwa inashuka mahali pale pale ambapo besi inashuka. Mguu wangu wa kulia ukaanza kupiga chini wenyewe. Kulikuwa na mong'ina mmoja, mama wa makamo, shangazi yake bwana harusi, amechelewa kwa sababu ya kupika, anakuja mbio na leso begani. Akanitazama usoni, akatazama mguu, akacheka mpaka akashika mti.

"Baba, mguu umeshaingia kanisani," akaniambia. "Wewe uliyebaki hapa ni nani?"

Nikaona haya, nikaondoka. Sokoni nikanunua ndizi mbivu kwa sababu njaa ilikuwa inanikata. Ndiyo, nilinunua siku ya Sabato, na nauli ya gari la kurudi nililipa pia. Sitakuficha. Aliyeshindwa kukanyaga penye ngoma alisimama sokoni akimenya ndizi.

Jumapili asubuhi nilikwenda kwa Mzee Onchari, mzee wa kanisa letu. Huyo mzee ndiye aliyenibatiza kwa maombi yake kabla ya mchungaji kunizamisha majini, maana alikuwa ananiombea tangu nikiwa mtundu. Nilimkuta shambani anachuma chai. Nilimweleza habari yote nikiwa nimesimama wima, kama askari anayeripoti kwa mkubwa wake, na nilikuwa nasubiri sifa. Yeye aliendelea kuchuma, majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, anatupa mgongoni kwenye kikapu.

Akauliza, "Na Moraa aliingia na nani?"

Nikainama, nikaanza kumsaidia kuchuma.

"Wale ng'ombe waliotoka Suneka wako wapi?"

"Kwa wakwe zangu, mzee."

"Ulipowapokea, uliwauliza wanasali siku gani?"

Akatua kikapu. Akaniambia jambo ambalo nimelibeba kuliko mahubiri yote niliyosikia katika makambi yote ya kanisa niliyohudhuria, na nimehudhuria mengi, mengine nikilala. Alisema, "Sabato ina mwenyewe, kijana. Ilikuwapo kabla hujazaliwa na haikukuomba uilinde. Moraa alikuwa na wewe tu." Kisha akainua kikapu, akaendelea na mstari wake. Hakuniombea hata dua siku hiyo. Aliniacha hivyo hivyo.

Majuto ni mjukuu, lakini yangu hayakusubiri niwe babu. Wiki iliyofuata nilichukua jogoo nikaenda Suneka. Moraa alinipokea vizuri mno, na hapo ndipo palipouma. Alinipa maji ya kunawa, akanipa kiti kizuri, akapika ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga na kuku, akaniwekea firigisi kama inavyostahili mwanamume. Kisha akasema, "Mgeni, karibu chakula." Mgeni. Tulinyonya ziwa moja. Nikamwomba msamaha, akasema ameshasamehe, tule chakula kisipoe. Lakini kila nilipokwenda ilikuwa mgeni ameshuka, mgeni ameshinda, mgeni asalimie nyumbani. Kwangu hakukanyaga. Mke wangu alijifungua mara mbili, na Moraa akatuma unga na maziwa kwa watu, yeye mwenyewe hakuja. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Nikahangaika nalo miaka. Nikasali, nikafunga. Nikamtumia ujumbe kwa mama, kwa mumewe, hata kwa yule shangazi aliyenicheka, ambaye aliniambia waziwazi kwamba maneno ya kupitia midomo ya watu ni kama uji uliopitia vyungu vitatu, unafika umepoa. Nikamwuliza Mzee Onchari nifanye nini zaidi. Akaniuliza kanisa la Moraa linasali siku gani. Nikasema Jumapili. Akasema, "Na wewe Jumapili huwa unafanya nini?" Huwa nachuma chai, nikamjibu. Akanitazama tu.

Yaani Mungu alikuwa amenipa siku nzima isiyogongana na Sabato yangu, kila wiki, miaka yote hiyo, na sikuiona.

Nikaenda Jumapili moja bila kuagizwa. Siku hiyo mtoto wa pili wa Moraa alikuwa anabatizwa, lakini naapa sikujua. Niliingia geti lile, nikapita ule mwendo wa mistari ya chai minne, na kwa kweli ni mfupi sana. Nikaketi upande wa wanaume, benchi la katikati, si la nyuma. Ngoma zikalia. Sikufa. Wimbo sikuujua maneno, lakini besi haina haja ya maneno mengi, inatafuta njia yake kama maji, nikaingia. Watu wawili watatu wakageuka kuona sauti hiyo inatoka kwa nani. Upande wa wanawake Moraa naye akageuka, mtoto mgongoni, akatazama mara moja, akarudisha uso mbele.

Baada ya misa alinikuta nje.

Akasema, "Kaka, besi yako imechelewa kuingia."

"Imechelewa," nikasema.

"Lakini imeingia." Akanikabidhi mtoto nimbebe, akaenda kutafuta sufuria.

Mwezi uliofuata alikuja Gesima, akalala siku tatu, akamgombeza mke wangu kuhusu jinsi anavyohifadhi wimbi. Nyumba yangu ikawa nyumba.

Usinielewe vibaya. Mimi ni Msabato mpaka leo na nitazikwa Msabato, na nimewaambia watoto wangu wasije wakaniletea kinanda kaburini. Napenda koo tupu, sauti nne, na kanda zangu za zamani za kwaya ninazo kwenye kabati hata kama redio ya kuzichezesha iliharibika. Obokano la wazee wetu nalo nalipenda, lile lenye nyuzi nane linalonguruma kama ng'ombe aliyeshiba, ingawa nililipenda kwa siri nikiwa kijana. Na ile ngoma kubwa ya Suneka naipenda. Moyo wa mtu una vyumba vingi, na Mungu aliyevijenga hashangai anapopita humo.

Nimeyaandika haya kwa sababu juma lililopita nilisikia vijana wa kwaya yetu, wenzako wa kuimba, wakibishana nje ya kanisa. Mwenzao amefiwa na mama, na yule mama alikuwa wa kanisa la magitaa na spika kubwa, kule chini. Wengine wanasema wasiende kuimba mazishini, wataonekana wamekubali mambo ya kule. Wana Biblia kwenye simu, wana aya tayari. Niliwasikiliza nikajisikia mimi mwenyewe nikisema, na koti langu fupi.

Mwanangu, shika imani yako, uishike imara, usiibadilishe kwa sababu ya wimbo mtamu wala kwa sababu ya harusi. Lakini mtu wako akikuomba mkono, mpe kwanza mkono, mambo ya ngoma mtaongea baadaye mkiwa mmeketi. Kanuni ya kanisa ikikutenga na dhambi, ifuate. Ikikutenga na dada yako, rudi uiulize tena vizuri, huenda hukuisikia yote. Na ukikosea, usitume watu. Nenda mwenyewe, siku ile ile unayoweza, ukaketi mahali unapoonekana. Yule kijana amefiwa na mama, hana wa pili. Nendeni mkaimbe.

Mungu wa Sabato, ambaye Jumapili pia halali, akupe miaka mingi na koo safi. Akupe ndugu wa kukukosoa bila kukuchoka. Na siku utakaposimama mahali ambapo macho yote yanakutazama, asikose kukupa mtu wa kwenu wa kutembea kando yako.